Jinsi Tulivyomzika Sefania

Columbus, Ohio
Mwezi wa nne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe pamoja na mdogo wangu Beatrisi, ambaye najua ndiye anayekusomea. Beatrisi, soma polepole, na ukifika mahali mama akainua mkono, nyamaza mpaka aushushe.

Kifua kinaendeleaje? Beatrisi aliniambia kwenye simu kwamba kikohozi kimepungua, ila bado unashinda ndani na kanisani huendi. Unakula? Dawa unameza zote, au unazigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na lile turubai la upande wa jikoni lilifungwa kabla ya mvua, au bado mnahamisha kitanda kila wingu likionekana? Nauliza haya kwa sababu nataka kuyajua, na pia kwa sababu naogopa kufika kwenye yale ninayopaswa kukuandikia.

Sisi huku tuko hai. Baba Dani bado yuko kwenye kazi ya ghalani kule upande wa Hilliard, mgongo unamsumbua lakini anakwenda. Mimi naendelea kuwahudumia wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Watoto wamekuwa warefu. Ukiwaambia kitu kwa Kiswahili wanakielewa, kisha wanakujibu kwa Kiingereza, nami nimechoka kugombana nao. Baridi imeanza kuondoka.

Mama, mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza swali moja, nami nikasema mtandao unakatika. Ulikuwa haukatiki. Uliniuliza kama ni kweli mwanao alizikwa bila watu, kama mtu aliyeokotwa njiani. Nilishindwa kukujibu huku nasikia unavyopumua. Sasa mke wa mchungaji wetu anasafiri kuja Kigoma kuwaona wazazi wake, na ameahidi kuifikisha barua hii mkononi mwako. Nitakueleza yote, maana yaliyofika huko ni nusu.

Ni kweli, watu hawakuja. Ila kaka Sefania hakufanya jambo lolote la kukuaibisha, na hilo nataka ulijue kabla Beatrisi hajaendelea.

Unajua tulivyoishi hapo kambini. Mtu akifiwa, moto wa nyumba yake unawashwa na wengine. Desturi hiyo tulikuja nayo huku kama ilivyo, na kule Buffalo, mji aliofikia Sefania, watu wetu walishikamana kuliko hata sisi wa Columbus. Mmoja akipata gari, anawabeba wenzake mpaka kazini. Mama akijifungua, wengine wanapeana zamu ya kupika. Anayeingia kazini asubuhi anamwachia mtoto anayeingia jioni. Huku ugenini huwezi kuishi bila hivyo, mama, utaanguka mwezi wa kwanza tu. Hakuna aliyewahi kukaa na kuzitunga sheria hizo, lakini kila mtu anazijua: ukiitwa unakuja, ukisikia msiba unaketi, na ya nyumbani yanabaki nyumbani. Mume na mke wakigombana wanaitwa wazee. Wazee wanakaa sebuleni, mume anaonywa, mke anabembelezwa, inatolewa sala, watu wanakunywa soda na kuondoka. Polisi haitwi. Tumekulia kambini tukiwakimbia watu wa sare, nani angethubutu kuwaita?

Katika hayo yote Sefania alikuwa mbele. Alinunua gari lile refu la viti vingi ulilomwona nalo kwenye picha, akawa anawabeba watu wa kiwandani kwake kwenda na kurudi. Mkewe Joselina alikuwa analea watoto wa nusu ya kanisa.

Sasa sikia. Unamkumbuka Neema, binti wa yule fundi cherehani Mkongomani aliyekuwa na kibanda karibu na bomba la maji. Aliolewa huko Buffalo na Mrundi mwenzetu, Elia. Elia alikuwa anampiga, na watu walijua. Mzee Festo, ambaye ni mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana na ndiye anayesikilizwa kuliko wote pale, alikaa nao pamoja na wazee wengine mara ya kwanza, wakakaa tena mara ya pili. Kila mara Neema alirudishwa kwa mumewe. Sefania alikuwepo siku ile ya pili. Aliniambia kwamba wakati wa sala aliinua macho, akamwona Neema hakufumba ya kwake.

Msimu wa baridi wa mwaka juzi, siku ya Jumapili, watu wakijiandaa kwenda ibadani, Neema alifika mlangoni kwa Sefania amebeba mtoto kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa unaning'inia. Sefania hakumuuliza kitu, aliwasha gari akampeleka hospitali. Kiingereza kilikuwa bado hakijamkaa Neema, basi nesi aliyewapokea alimwomba Sefania amsaidie maneno machache wakati anatafutwa mkalimani. Akauliza mkono umevunjikaje.

Mama, Buffalo wakati wa barafu kila mtu anaanguka. Sefania angesema ameteleza, nesi angeandika ameteleza, yakaishia hapo. Neema alimtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Ni bwana yangu alinivunja. Wewe sema vile utaona."

Sefania akamwambia nesi kile alichoambiwa, neno kwa neno.

Polisi wakaja. Elia akachukuliwa, akakaa ndani miezi kadhaa, kazi ikapotea. Alipotoka alihama, na sasa anaishi jimbo jingine. Neema alihifadhiwa kwenye nyumba ya wanawake, kisha akahamia Louisville, kusini huko, kwa binamu yake. Kwake yeye mambo yakatulia. Kwa kaka ndipo yalipoanza.

Wazee walimwita. Mzee Festo alimweleza kwamba hakuna anayesema Elia alifanya vizuri, lakini kijana wa watu amefungwa nchi ya ugenini kwa mdomo wa ndugu yake mwenyewe. Alimtaka aombe radhi mbele ya kanisa ili jambo liishe. Sefania akamjibu, "Mzee, niliulizwa amesema nini, nikasema alichosema. Niombe radhi ya kutafsiri?"

Baada ya hapo hapakuwa na kikao wala tangazo. Ndicho kitu kilichomsumbua Sefania mpaka mwisho, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkamata shati na kumuuliza. Kwenye gari lake mmoja alisema amebadilishiwa zamu, wa pili akasema shemeji yake anampitia, na baada ya wiki chache akawa anaendesha viti vitupu. Wamama wakaacha kumletea Joselina watoto. Kwenye kundi letu la WhatsApp Sefania akiandika, "Habari za asubuhi, ndugu zangu," ujumbe unakaa peke yake hadi jioni. Hawakumtoa. Walimwacha tu.

Nilimbembeleza ahamie kwetu hapa mtaa wa Northland, maana watu wetu ni wengi, na kwenye barabara ya Morse ukitoka tu unasikia Kiswahili kwenye kila duka la unga na mihogo. Alikataa. Alisema akiondoka Buffalo itakuwa amekubali kosa. Alichofanya ni kuhamia Cheektowaga, pembeni ya mji karibu na uwanja wa ndege, ili watu wasilazimike kugeuza shingo wakikutana naye barabarani. Ona, mama. Mpaka hapo alikuwa bado anawaonea huruma.

Na misibani hakuacha kwenda. Joselina amenieleza kwamba alikuwa anafika, anachukua kiti, anaketi, na viti vya kulia na kushoto vinabaki wazi hata kama watu wengine wamesimama ukutani. Anakaa mpaka sala ya mwisho, anakunja kiti chake, anaondoka. Siku moja Joselina alimuuliza anakwenda kutafuta nini kwa watu wasiomtaka. Akajibu kwamba marehemu hakumkosea.

Jinsi alivyokufa unajua. Alikuwa anaondoa theluji mbele ya nyumba kwa beleshi kabla ya kwenda kazini, moyo ukasimama. Jirani yake mmoja Mzungu, mzee mstaafu, alimwona kupitia dirisha lake akiinama na asiinuke. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Nakuhakikishia hakukaa pale akiteseka.

Tulipopata simu mimi na baba Dani tuliwaacha watoto kwa jirani, tukashika njia siku ile ile. Ni safari ndefu, na theluji ilikuwa inaanguka. Njia nzima nilikuwa nafikiria tutaegesha wapi gari. Sijui kwa nini nilishikilia hilo. Msibani kwa watu wetu magari hujaa mpaka mtaa wa pili, nami nilikuwa namwambia baba Dani tutatembea mbali kwenye baridi na sikuvaa viatu vya maana.

Tulipofika, mbele ya nyumba palikuwa na gari la Sefania, basi. Tuliegesha mlangoni.

Joselina ndiye aliyetufungulia. Sebule ilikuwa vile vile na makochi yake, hakuna godoro lililotandikwa chini, hakuna sauti jikoni. Tulilia pale pale mlangoni, kisha akajifuta uso, akaenda kuwasha jiko, akatuletea chai. Mama, mjane alinimiminia chai siku aliyofiwa. Nilikishika kile kikombe na sikuweza kukinywa wala kukiweka chini. Divina, mtoto wao mkubwa, alinisogelea akaniuliza kwa Kiingereza watu wako wapi. Alisema baba wa rafiki yake alipokufa watu walijaa mpaka nje. Nilimwambia wako njiani.

Siku ya pili vile vile. Baba Dani alituma tangazo kwenye kundi, mara mbili. Watu walilisoma, alama zilionekana. Wawili watatu waliandika pole. Mlango haukugongwa.

Siku ya tatu alasiri nikasikia gari linarudi nyuma kuelekea mlangoni. Alikuwa Neema na wanawake wawili wa Louisville, Wakongomani wenzake, wamepokezana usukani tangu alfajiri. Nyuma ya gari kulikuwa na sufuria zile kubwa za kanisani, gunia la mchele, maharage, mafuta na magodoro mawili. Neema hakutusalimu kwanza. Alimshika Joselina mabega, akamtoa jikoni. "Wewe ni mufiwa," akamwambia. "Kaa chini, usishike tena kitu."

Akatandika magodoro sebuleni, akamkalisha, akamfunika kitenge. Ndipo Joselina alipolia kilio chenyewe. Nadhani alikuwa hajapata mtu wa kumpokea.

Wale wanawake walipika kama wanavyopika kwa umati. Nilimfuata Neema jikoni, nikamwambia kwa upole kwamba chakula ni kingi, watu hawaji. Alikuwa anachambua maharage, na ule mkono wake haunyooki vizuri mpaka leo. Hakuniangalia. Akasema, "Bon, waje ao wasikuje, chakula ya matanga inapikwa mingi. Sefania hatazikwa na sufuria kidogo."

Tulimzika kesho yake. Tulikuwa sisi, wanawake wa Louisville, yule jirani mstaafu na mkewe, na watu wa kazini kwake: Mnepali mmoja, kijana wa Puerto Riko, na msimamizi wake. Mchungaji wa kanisa la jirani yao, asiyetujua, ndiye aliyesoma neno. Wakati wa kutoa jeneza kwenye gari wanaume hawakutosha. Watu wa kampuni ya mazishi walijitolea kushika, lakini nilimwona baba Dani akitazama huku na huku, nikajua anatafuta mtu wa kwetu. Basi nikaenda. Nilishika mpini wa nyuma kulia, na Neema akashika wa kushoto kwa ule mkono wake mzima. Najua kwetu mwanamke habebi jeneza. Lakini nataka ujue kwamba mwanao hakufikishwa kaburini na wageni peke yao. Dada yake alimbeba. Alikuwa mzito, na theluji ilikuwa inateleza, na hatukumwangusha.

Tuliimba ule wimbo wa jioni aliokuwa akiupenda, kwa Kiswahili na Kirundi. Sauti zilikuwa chache sana kule nje.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko kaburi lenyewe. Nilibaki na Joselina baada ya mazishi, na watu wakaanza kuja. Walikuja mmoja mmoja, tena kwa mlango wa nyuma. Wa kwanza alikuwa dada mmoja wa kwaya ambaye Joselina alimlelea mapacha. Alilia mpaka akakaa sakafuni. Alisema alitaka kuja tangu siku ya kwanza, alishavaa na kitenge, ila alipopiga simu huku na huku aliona kila mtu kanyamaza, akaogopa kuwa peke yake. Alipoondoka akaniomba nisimtaje. Kesho yake akaja mwanamume mmoja aliyekuwa akipanda gari la Sefania kwenda kazini. Maneno yale yale. Alisema yeye binafsi hakuwahi kuona Sefania amekosa, ila watu wangemwonaje. Wakaja wengine, na kila mmoja alidhani ni yeye tu mwenye moyo huo na wale wengine wote wamekasirika. Nimerudi hapa Columbus, nikakutana dukani na baba mmoja aliyewahi kuishi Buffalo, naye kabla sijafungua mdomo akaanza kujieleza vile vile.

Mwisho alikuja Mzee Festo. Alivua kofia, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Nikamuuliza bila adabu, Mungu anisamehe, kwa nini chama cha kuzikana hakikuzika.

"Nilikaa na simu mkononi," akasema. "Nilingoja hata mmoja aniulize tunaondoka saa ngapi. Hakuna aliyeniuliza. Nikajua watu wamekataa."

Nikamwambia, "Na wao, mzee, walikuwa wanangoja wewe utangaze."

Kisha akasema Sefania ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali ya macho, hata baada ya yale ya Elia, wakikubaliana asimshushe mlangoni kwake watu wasije wakaona. Mama, nilikwisha kujiandaa kumchukia. Kama wangekuwa wanamchukia ningejua nifanye nini na hasira yangu. Kumbe walikuwa wanampenda, kila mtu chumbani kwake, na mtu wangu akafa akidhani amekataliwa na dunia nzima.

Mzee Festo alimwomba Joselina ruhusa, chama kije kiondoe matanga kwa heshima, watu wote waje. Joselina alikubali kwa sharti moja, kwamba kwanza asimame kanisani aseme Sefania hakukosea. Mzee akasema itabidi awaulize watu kwanza. Joselina akamwambia akawaulize. Tangu siku ile hajarudi, na hatujui kama anaendelea kuuliza.

Shule zikifungwa Joselina na watoto watahamia Louisville. Neema amewatafutia nyumba karibu na kwake. Yeye na wale wenzake wana mpango wao pale: mwanamke akigonga anafunguliwa, anapelekwa hospitali, na maswali yanafuata baadaye. Walianza wachache wakachekwa, lakini sasa hata wanawake wa kwetu wanawapigia simu. Nina furaha kwa ajili ya Joselina. Ila kaburi litabaki Cheektowaga peke yake, na mimi niko mbali, nitakuwa nikienda nikipata nafasi. Yule jirani mstaafu ameahidi kupita kuliangalia.

Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusuka vikapu, na mwinjilisti aliyembatiza Sefania mtoni. Msalimie yule bibi wa nyumba ya chini anayekuletea moto asubuhi. Mfuate fundi cherehani, baba yake Neema, umwambie binti yake ni mzima, na kwamba alimpikia mwanao na kumbeba.

Salamu za mwisho ni za mama yake Elia, na hizo naomba usimtume mtoto. Beatrisi ameniambia kwamba hajaingia kwako tangu msiba, ninyi mliovuka mpaka pamoja mkiwa na watoto mgongoni. Ameniambia siku hizi anabadilisha saa za kuteka maji ili asikutane na mtu wa nyumbani kwako, nawe umeamini anakuchukia kwa ajili ya mwanawe. Huenda ni kweli. Lakini baada ya niliyoyasikia huku, nahisi amekaa ndani mwake akidhani wewe ndiye hutaki kumwona. Najua mfiwa haendi kwa watu, watu ndio wanaomwendea. Sina uwezo wa kukuagiza, wewe ni mzazi wangu. Nakuomba tu, mama, usimngoje. Beatrisi akimaliza kusoma, jifunge kitenge, mwende wote wawili, mgonge.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,

Goreti